Rimapu ya Subaru WRX ya 2001: nani aiguse, na fundi aanzie wapi kujifunza

"Habari za kazi, fundi. Mimi ni fundi umeme wa magari, nipo Moshi, nina miaka 27. Mwaka jana nilinunua Subaru Impreza WRX ya 2001, manyuo, turbo, imetoka Japani. Aliyekuwa nalo alifunga egzosi kubwa na filta ya koni. Linatembea vizuri, ila hapa Moshi nikilikanyaga gia ya tatu linakata ghafla kama limegonga ukuta, halafu linaendelea. Nikipanda Arusha halikati, lakini naona kama limepungua nguvu. Kuna jamaa Arusha kasema atalifanyia rimapu kwa laptop, laki sita, dakika arobaini, faili analo tayari. Mwingine anasema nilipeleke Nairobi. Mwingine anasema kontroo boksi ya zamani haichezewi, ninunue kifaa cha kuchomeka kwenye tundu la dayagnosi. Mimi mwenyewe natamani kuijua hii kazi, kwa sababu huku kwetu anayeifanya kwa uhakika simwoni. Nianzie wapi? Desemba nina safari ya Tanga na gari hilihili."

Mdogo wangu, umeniuliza nani akufanyie rimapu, yaani kuandika upya namba za mafuta na moto zilizomo kwenye kontroo boksi (kompyuta ya enjini), na wewe ujifunzeje. Nitayajibu yote mawili. Lakini kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, nami nimelisoma mara tatu: Moshi linakata, Arusha halikati. Tuanzie hapo, maana hapo ndipo enjini yako itakapopona au kufa.

Gari linapokata ghafla "kama limegonga ukuta", mara nyingi si ubovu. Ni kontroo boksi inajitetea. Subaru waliiwekea kikomo cha bosti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, na presha ikipita hapo inafunga injekta zote kwa sekunde moja au mbili ili pistoni zisiharibike. Egzosi kubwa inairahisishia turbo kuzunguka, kwa hiyo bosti inapanda kuliko walivyopanga kiwandani, na boksi inakata mafuta. Sasa fikiria urefu wa hiyo miji kutoka usawa wa bahari. Moshi iko kama mita 900, Arusha kama 1,400. Presha ya hewa Moshi ni karibu kilopaskali 90, Arusha ni karibu 86. Huko juu Arusha hewa ni nyepesi, turbo inajaza hewa pungufu kuliko Moshi, kikomo hakifikiwi. Ndiyo maana Arusha linatulia na nguvu unaiona imepungua. Hakuna mchawi.

Lipo jambo jingine linalofanana na hilo lakini si hilo. Gari likitetema na kumisi kwenye bosti, pa-pa-pa, badala ya kukata mara moja, angalia plagi na koili. Uwazi wa plagi ukiwa mkubwa, bosti inazima cheche. Wewe ni fundi umeme, hilo utalitofautisha kwa sikio. Kwa ulivyoeleza, naelekea kwenye kikomo cha bosti.

Sasa mrudie yule jamaa wa dakika arobaini. Unadhani atakachokifanya kwanza ni nini? Atakiondoa kile kikomo, kwa sababu ndicho mteja anachokilalamikia. Gari litaacha kukata. Utafurahi, utamlipa. Utakuwa umelipa laki sita ili mlinzi wako afukuzwe kazi.

Nisimseme mwenzangu peke yake. Miaka ya nyuma, nikiwa bado mbichi, nilimwekea mteja faili nililopewa na rafiki, la gari "kama hilohilo". Gari lilivuta vizuri wiki mbili. Wiki ya tatu lilianza kutoa moshi wa bluu na kula oili. Tulipoifungua enjini, pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imemeguka ule ukingo kati ya ringi ya kwanza na ya pili. Kipande chenyewe kilikuwa na ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Nilimfungia pistoni mpya kwa pesa yangu. Kile kipande bado kipo kwenye droo ya benchi langu, na kila kijana anayekuja kuniomba "faili" namwekea mkononi kwanza.

Kilichoivunja ile pistoni ni kugonga, na ni muhimu ukielewe kabla hujashika laptop. Plagi inawasha moto kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa sababu moto unahitaji muda kusambaa. Fikiria unapanda na baiskeli mlima wa kwenda Kibosho: nguvu ya mguu unaiachia pedali ikiwa imeshapita juu kidogo. Ukikanyaga kwa nguvu pedali ikiwa bado inapanda, unapigana na goti lako mwenyewe. Ukiwahisha moto kwa digrii chache unapata nguvu, mpaka mahali fulani. Ukipitiliza, au mafuta yakiwa machache, au hewa ikiwa ya moto mno, au petroli ikiwa dhaifu, ule mchanganyiko ambao moto haujaufikia unalipuka wenyewe pembeni kwa mpigo mmoja. Huo mlipuko ndio kugonga. Pistoni za EJ20, enjini ya magari haya, ni za kumimina, si za kufua. Haziusamehi.

Na petroli usiidharau. Gari lako lilipangwa Japani, ambako petroli ya daraja la juu kwa sheria yao haitakiwi kushuka chini ya oktani 96, na kwenye sheli zao nyingi inauzwa karibu na 100. Ya kwetu haifiki 100. Kwa hiyo faili la mtu wa Osaka ambalo kwao ni salama, kwako linaweza kugonga siku ya kwanza. Boksi ya kiwandani ina sensa ya kugonga iliyofungwa kwenye bloku, ikisikia inarudisha moto nyuma, na inakumbuka. Kwenye boksi za Subaru za kizazi chako kuna namba moja inayokuambia boksi inaiamini petroli kiasi gani. Kwenye zile za 16-bit kikomo chake ni 16. Ukiisoma ukakuta 16, enjini imeridhika. Ukikuta iko chini ya 8, gari linakulilia na wewe huna habari. Wapo mafundi wanaoitoa ile sensa kwenye bloku na kuifunga kwenye bodi ili "isisumbue". Ukiikuta ya kwako imefanyiwa hivyo, irudishe siku hiyohiyo.

Kile kifaa cha kuchomeka, usikinunue. Vingi nilivyovifungua vina taa mbili za kuwakawaka na karibu hakuna kingine ndani. Halafu Subaru za Japani za miaka hiyo zinaongea lugha yao wenyewe kwenye tundu la dayagnosi. Hata vile vidude vya bei rahisi vya bluetuthi mara nyingi haviambulii kitu.

Na huyo aliyesema kontroo boksi ya zamani haichezewi? Yuko sahihi nusu, na inategemea gari. Toyota Chaser ya 1JZ ya miaka ya 90, ambazo mnazo nyingi huko, boksi yake ya kiwandani haiandikwi upya kupitia tundu la dayagnosi. Unafunga kifaa cha pembeni kinachodanganya ishara za sensa, au unatoa boksi yote na kuweka ya kujitegemea. Mitsubishi Evo VII mpaka IX zinaandikika vizuri sana. Subaru za kuanzia miaka ya 2001 na 2002 nyingi zinaandikika kwa waya wa Tactrix Openport na programu ya EcuFlash, ambayo ni ya bure, na ramani zake zinasomeka kwenye RomRaider, nayo ya bure. Nimesema nyingi, sikusema zote. Gari lako liko mpakani. Kazi ya kwanza ni kuisoma namba ya ROM, yaani ya programu iliyomo ndani ya boksi, na kuhakikisha kuna faili la maelezo linalolingana na namba hiyo herufi kwa herufi. Kama halipo, usiandike chochote. Kusoma hakuui; kuandika kunaua.

Kabla ya hayo yote, gari lipone. Pima mgandamizo wa silinda zote nne, enjini ikiwa ya moto, plagi zote nje, pedali chini mpaka mwisho. Zikipishana zaidi ya sehemu moja kwa kumi, acha habari ya rimapu, tafuta pesa ya enjini. Pima presha ya mafuta: ukichomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta iwe karibu bar 3. Kisha tafuta uvujaji. Hapa huhitaji mashine. Nunua kifuniko cha bomba la plastiki kinachoenea kwenye mpira wa kuingilia turbo, kitoboe katikati, pachika valvu ya tairi, kaza kwa klipu, pitisha upepo wa kompresa mpaka psi 15, usizidishe maana utazisukuma sili za enjini. Pulizia maji ya sabuni kila kiungo. Mara ya kwanza nilipofanya hivi kwenye gari lililokuwa "limeshindikana", povu lilitoka sehemu tano.

Uvujaji una maana tofauti kulingana na ulipo, na hili mafundi wengi wanalichanganya. Boksi yako inahesabu hewa kwa ile sensa iliyo karibu na filta. Mpira ukipasuka kati ya sensa na turbo, hewa inaingia bila kuhesabiwa, mafuta yanakuwa machache, hatari. Ukipasuka baada ya turbo, hewa iliyohesabiwa inatoka nje, mafuta yanakuwa mengi, moshi mweusi na nguvu kupotea. Na filta ya koni ina kesi mbili. Kwanza, sensa ile imepimwa ikiwa ndani ya kasha lake la kiwandani. Ukibadilisha kipenyo au namna hewa inavyopita, inasema uongo. Pili, zile za kupakwa oili, ukizidisha oili inaganda kwenye ule uzi mwembamba wa sensa, na ukiongeza vumbi la njia za huko kwenu, umemaliza. Kama boksi la filta la asili linapatikana kwenye spea za mtumba, lirudishe. Najua halina mlio. Lirudishe.

Mara nyingi gari likishafanyiwa haya mwenye nalo huniuliza nimeirimapu lini.

Sasa, nani aiguse. Rimapu si faili, ni vipimo. Mtu anakaa kwenye gari lako, petroli yako, hewa yako, anarekodi, anabadilisha kidogo, anarekodi tena. Kwa hiyo muulize yeyote, awe wa Arusha, Nairobi au Dar, mambo haya. Anapima uwiano wa hewa na mafuta kwa sensa ya upana, ile ya aina ya Bosch LSU, au anategemea ya kiwandani? Ya kiwandani inaijua vizuri 14.7 kwa 1 tu, pale gari linapotembea taratibu. Turbo ikivuta unataka kuwa karibu na 11 kwa 1, na huko ile sensa ni kipofu. Anasomaje kugonga? Faili lako la asili atakuhifadhia nakala? Utapewa rekodi za mwisho? Akikuambia "mimi nasikiliza kwa sikio", mshukuru kwa muda wake. Na ukivuka Namanga kumfuata mtu, hakikisha karatasi za gari na bima ya kuvukia mpaka ziko sawa kabla hujafika, si pale getini.

Njia ambayo kwa gari lako ningeichagua mimi ni ya mbali: unafunga sensa ya upana, unarekodi mwenyewe, unamtumia fundi wa rimapu anayezijua EJ20 rekodi zako, anakurudishia faili lililorekebishwa kwa gari lako, unarekodi tena. Inaweza kuchukua awamu tano au sita. Ni polepole na inahitaji nidhamu, lakini kila awamu ni somo, na wewe unataka kujifunza.

Kuhusu kujifunza. Una faida kubwa kwamba umeme unaujua; wengi wanaokuja kwangu wanajua laptop, hawajui kupima volti za sensa. Anza kwa kusoma tu. Programu inaitwa FreeSSM, inaongea lugha ya Subaru za zamani, na inatosha waya wa bei rahisi wa KKL, wa kuunganisha laptop na tundu la dayagnosi. Kaa mwezi mzima unaangalia namba: gari la baridi, la moto, foleni ya Boma Ng'ombe, mlima. Mpaka siku ukiona namba moja imekaa vibaya unashtuka kabla hujajua kwa nini.

Kisha fanya kazi mezani. Kuna kompyuta ya enjini ya wazi inayoitwa Speeduino, inajengwa juu ya Arduino Mega, na kaka yake mkubwa MegaSquirt yupo tangu 2001. Ukiwa na Arduino nyingine yenye programu ya Ardu-Stim unaiga ishara za kranki na kamu, unawasha "enjini" isiyokuwepo, unaona injekta zinapiga na koili zinatoa cheche kwenye benchi. Utaunguza fyuzi, labda na bodi moja. Hutaua pistoni. Baada ya hapo tafuta enjini isiyo na turbo, Corolla iliyochoka, uifunge hiyo kompyuta, uifanye iwake asubuhi ya baridi bila kuguswa pedali. Watu wanadhani kazi ngumu ni nguvu ya juu. Kazi ngumu ni kuwaka asubuhi na kutulia sailensi. Ukiiweza hiyo, turbo itakuja.

Misingi ya enjini na elektroniki unaweza kuipata hapo VETA Moshi au Chuo cha Ufundi Arusha, na kama una mapengo usione aibu kurudi darasani jioni. Rimapu yenyewe wengi wetu tumeisoma mtandaoni; High Performance Academy ya Nyuzilandi wana kozi zilizopangwa vizuri, za kulipia, kwa Kiingereza. Epuka kuanza na makundi ya kubadilishana mafaili. Utajifunza kukusanya, si kupima.

Siku ya kuandika boksi kwa mara ya kwanza, kosa linaloua si la ramani, ni la umeme. Betri ikishuka katikati ya kuandika, boksi inabaki tofali. Funga chaja, zima feni na redio, laptop iwe na chaji yake yenyewe, maana TANESCO hawatakusubiri. Waya wa Openport wa bandia upo mwingi. Nimeona inayofanya kazi na nimeona iliyokufa asilimia tisini ya njia. Na majaribio ya kukanyaga mpaka mwisho usiyafanye barabara ya Moshi–Arusha. Si kwa sababu ya trafiki tu. Huwezi kuangalia namba, barabara na mtoto wa shule kwa pamoja. Mtu wa pili ashike laptop, uwanja uwe umefungwa, au mlipie mwenye rola za kupimia nguvu.

Kuna hali ambazo hutakiwi kuendelea kusoma wala kuniandikia; zima gari, mlete fundi wa enjini aione kwa macho. Ukisikia kama kokoto zinatikiswa ndani ya kopo unapokanyaga. Moshi wa bluu. Mshale wa joto kupanda kwenye mlima na kushuka kwenye tambarare. Mlio wa chuma chini ya enjini unaofuata kasi. Hakuna ramani inayotibu hayo.

Na hiyo Tanga. Ramani ndani ya boksi yako ni kama meza ya vyumba: mizunguko upande mmoja, gramu za hewa kwa kila mzunguko upande mwingine. Gari likipimwa Arusha, hewa ni nyepesi, kuna vyumba vya juu ambavyo halijawahi kuviingia. Ukishuka mpaka usawa wa bahari, hewa ni kilopaskali 101, nzito, nguvu inaongezeka, na gari linaingia vyumba ambavyo hakuna aliyevifungua. Namba zilizomo humo ni za kubahatisha. Kwa hiyo kama hata sehemu ya kazi haijakamilika kufikia Desemba, nenda na faili la asili, kikomo chake kikiwa mahali pake, rudisha filta ya kiwandani, na kama bado linakata, fungia nusu ya tundu la egzosi kwa pete ya chuma au kanyaga nusu. Chukua waya wa KKL na laptop. Ukifika Korogwe, simama, soma ile namba ya boksi kuiamini petroli. Ikiwa bado 16, endelea.